Mwonjaji Mkuu Alikunywa Masalio Yetu, Akayasifia

Nimemwona kwa macho yangu haya mawili mtu mzima, suti imenyooka, saa inang'aa mkononi, akinywa mate ya watu kumi na wanne.

Akafumba macho. Akameza.

Kisha akasema tangu azaliwe hajaonja mvinyo kama ule.

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nikikumbuka nauma meno mpaka taya linauma.

Tulia nikusimulie.

Nilimaliza chuo na shahada ya historia na ndoto kubwa kuliko begi langu. Nikapata kazi kwenye shamba la mizabibu, katika bonde ambalo watu wamekamua zabibu kwa zaidi ya miaka mia tatu. Kuta za mawe. Handaki lenye baridi, mapipa yamelala humo kwa safu kama ng'ombe wanaocheua. Sakafu ya kukamulia imelika katikati kwa nyayo za vizazi na vizazi.

Kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wageni, kuwasimulia habari za bonde, kisha kuwaketisha kwenye meza ndefu waonje mvinyo aina tano, kila aina na kisahani chake kidogo cha chakula.

Niliipenda kazi ile, jamani. Nikiingia handakini nilihisi kama wakamuaji wa kale wananiambia, karibu, mjukuu wetu.

Na visahani vile vilipikwa na mama yangu mdogo.

Mama Mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika jiko lile. Na usishangae: hanywi. Tone la mvinyo halijagusa ulimi wake. Ananusa tu. Anaizungusha glasi, anatia pua.

"Huu una hasira," anasema. "Upe jibini la mbuzi liutulize."

Au: "Huu mvivu. Upe maini ya kuku na pilipili manga, utaamka wenyewe."

Na anapatia. Wageni walikuwa wanafuta visahani kwa mkate mpaka vinang'aa.

Sasa njoo kwa Bosi.

Ukionja mvinyo mwingi kwa mkao mmoja, humezi wote. Unatema kwenye ndoo, na kinachobaki kwenye glasi unakimwaga humo humo, ili glasi ipokee mvinyo unaofuata. Ndivyo kazi hii inavyokwenda. Tulikuwa na ndoo za bati, sura mbaya, ila hakuna ambaye angezikosea.

Bosi akasema ndoo zinaharibu picha za wageni. Akaleta majagi ya kioo, shingo ndefu, tumbo pana.

Yale yale tunayomiminia mvinyo mzuri ili upumue kabla ya kunywewa!

"Bosi," Mama Mdogo akamwambia, "haya yamefanana kama mapacha. Iko siku mtu atachanganya."

"Mama, wewe pika. Meza niachie mimi."

Haya. Tukamwachia.

Ndipo ikatangazwa kwamba anakuja Ulimi. Hilo ni jina tulilompa sisi. Ni mwonjaji mkuu: akiandika kwamba shamba fulani ni zuri, wageni wanajaa, akiandika ni bovu, panaota nyasi mlangoni. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Bosi aliingia jikoni.

"Ulimi akisifia chakula, unabaki," akamwambia Mama Mdogo. "Akikiponda, naleta mpishi wa hoteli. Tusilaumiane."

Miaka kumi na tisa! Eti tusilaumiane!

Ulimi alifika saa tano asubuhi, akakaa mezani na wageni wengine kumi na wanne. Kisahani cha kwanza akakisukuma pembeni. Cha pili akakichokonoa kwa uma kama anayetafuta sindano. Cha tatu kilikuwa maini ya kuku na vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa kahawia. Akatafuna mara mbili, akaweka uma chini.

"Aliyepika hiki aitwe."

Mama Mdogo akatoka, anafutia mikono kwenye aproni.

"Mama, umewahi kuonja mvinyo unaoupikia?"

"Hapana, baba. Sinywi. Nanusa tu."

Akawageukia wageni. "Mmesikia wenyewe! Kiziwi katutungia wimbo!"

Meza nzima ikacheka. Bosi naye akacheka, meno yote nje.

Mama Mdogo akasimama pale pale, mikono kaikunja tumboni, anatazama ncha za viatu vyake. Mtu aliyenibeba mgongoni! Damu ikanipanda kichwani, masikio yakawaka moto.

Ulimi, bado anafurahia utani wake, akanyoosha mkono bila kuangalia. Akashika jagi lililokuwa karibu. Akajimiminia glasi nusu.

Kimenuka.

Lilikuwa jagi la masalio. Kila mgeni alikuwa ametemea humo, mweupe juu ya mwekundu, mwekundu juu ya mweupe.

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu, nilifungua. Kisha nikamtazama Mama Mdogo na ile shingo aliyoiinamisha.

Nikafunga.

Acha anywe.

Akanywa. Akafumba macho. Akainua kidole, sote tunyamaze.

"Kuna plamu iliyoiva," akasema. "Kuna ngozi ya kiatu cha zamani. Na chini kabisa kuna... kuna kitu cha kibinadamu."

Nilijibana mbavu nisianguke.

Akala ini. Akanywa tena. Akasimama. "Mama, nisamehe. Sasa nimekuelewa. Chakula hiki kilikuwa kinausubiri mvinyo huu." Akamgeukia Bosi. "Ni upi huu?"

Bosi akalitazama jagi. Nikaona rangi inamtoka usoni. Akaelewa. Na papo hapo akatabasamu.

"Mchanganyiko wa familia. Hatumpi kila mtu."

Weee!

Wageni, wenye majagi manne yanayofanana mbele yao, hawakung'amua chochote.

Makala ya Ulimi ikatoka siku chache baadaye. Sifa tupu, kuanzia mchanganyiko wa familia mpaka maini ya kuku. Simu za wageni zikawa hazikauki. Mama Mdogo akabaki jikoni kwake, nami nikajipongeza moyoni: umefanya la maana, umemwokoa mama yako kwa kufunga mdomo.

Wiki tatu zikapita. Mchana mmoja Bosi akaja na kitambaa cha kuchujia.

"Kundi la kesho wametaka mchanganyiko wa familia. Chuja masalio ya leo, uyaweke kwenye baridi."

Nikadhani ananitania. "Bosi, hayo ni mate ya watu."

"Pombe inaua vijidudu. Msomi mzima hujui?"

"Basi tuchanganye mvinyo safi!"

"Nimejaribu mara tatu. Ladha haifanani."

Nikamkodolea macho. "Kwani ladha yake umeijuaje?"

Akatazama dirishani. Kisha akanisogelea mpaka nikanusa sabuni yake ya kunyolea. "Ukifungua mdomo, Mama yako Mdogo anatangulia mlangoni. Wewe unafuata."

Nitakwambia ukweli hata kama unaniaibisha. Niliyachuja.

Kesho yake nikasimama mezani na jagi mkononi. Mbele yangu walikaa bibi na bwana wanaosherehekea miaka arobaini ya ndoa yao. Bibi akaninyooshea glasi, anacheka kama msichana. "Mwanangu, tumesafiri siku mbili kwa ajili ya hiki."

Mkono ukagoma.

Niligeuka, nikaenda jikoni na jagi langu, nikamweleza Mama Mdogo yote: alichokunywa Ulimi, uwongo wa Bosi, kitambaa, vitisho. Maneno yalinitoka pamoja na kamasi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akazima jiko. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani.

"Twende."

Akasimama mbele ya wageni. "Wageni wetu, mniwie radhi. Kilichomo ndani ya jagi hili ni masalio, mvinyo uliotemwa na watu wengine. Msinywe. Chakula ni safi, nimekipika kwa mikono yangu. Kuleni mshibe."

Moto ukawaka. Viti vikaanguka, mzee mmoja akaomba jina la wakili, Bosi akaja mbio kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Umefukuzwa!"

"Nimeshavua aproni, baba. Huoni?"

Tukatoka. Njia nzima kando ya mizabibu nilikuwa nalia. "Nisamehe, Mama Mdogo. Ningesema siku ile ile. Nilinyamaza ili usipoteze jiko lako."

Akasimama.

"Kwani ulidhani sikujua? Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Pua hii nimeivaa kwa urembo? Ila alishameza kabla sijasema neno."

"Mbona hukusema baadaye?"

"Nilisema. Nilimfuata getini kabla hajapanda gari. Nikamwambia, baba, ulichokunywa ni masalio, utuwie radhi. Akageuka nyuma kutazama kama kuna aliyesikia. Akasema, mama, yaishe hapa hapa. Nikajua ataniponda, nikaanza kukusanya visu vyangu. Halafu ndiyo akaandika zile sifa."



Yaani aliandika akijua! Mtu mzima alijua kabisa alichokunywa, akaona heri wasomaji wake wote wadanganywe kuliko yeye achekwe. Bosi alijua. Wote wenye majina makubwa walijua, na aliyesema ukweli alikuwa mpishi mmoja tu, ambaye ukweli huo ungemgharimu kila kitu.

"Na mimi mbona hukuniambia?" nikauliza.

Akaanza kutembea tena.

"Nilikuona siku ile unafungua mdomo, kisha unaufunga. Nikasema ngoja, mwanangu ataniambia mwenyewe. Wiki tatu nimengoja."

Mwenzangu, Bosi hakuniumiza vile. Ulimi hakuniumiza vile.

Mama Mdogo sasa hana kazi, nami sina. Bado nina hasira na wanaume wale wawili, na sina mpango wa kuiacha. Lakini kuna hasira nyingine ninayoamka nayo kila asubuhi, na hiyo ni ya kwangu peke yangu.

Ukiamua kunyamaza, nyamaza kwa jina lako. Usije ukasema unamnyamazia mtu unayempenda. Muulize kwanza. Huenda yeye alishasema zamani, na sasa anakungoja wewe.