Mayai ya Mama Mkwe

Ndugu zangu, mnaniona nimesimama. Nimewaomba mnisikilize kwa sababu kusimama huku si kwangu peke yangu.

Miaka ya themanini ikielekea kuisha, nilikuwa nimeolewa hapa Nyamasaria. Waliniita Nyar Awasi, binti wa Awasi, maana huko ndiko kwetu. Nilikuwa na miguu mimi! Beseni la mihogo kichwani, mtoto mgongoni, na bado nilibaki na pumzi ya kubishana na wateja.

Kisha homa ya matumbo ikanitoboa utumbo. Nikapasuliwa. Kidonda kikatunga usaha, nikalala chali mpaka mgongo ukachubuka. Nyumbani nikaletewa uji wa mahindi, kwa sababu kwetu mgonjwa ni uji. Nikanywa uji asubuhi, nikanywa uji jioni, na mapaja yakaisha. Ngozi ilining'inia tu. Siku moja nilijaribu kwenda chooni, nikaanguka mlangoni na kujikojolea palepale. Nililia. Niliogopa mwanangu atalelewa na mwanamke mwingine.

Mama mkwe akanirudisha kwa daktari. Daktari alinibinya paja.

"Mama, huyu mnampa nini?"

"Uji, daktari. Mwingi sana."

"Uji peke yake hautoshi. Misuli hujengwa kwa protini. Akila samaki au mayai, tumbo linavunja hiyo protini iwe vipande vidogo, vinaitwa asidi amino. Vikifika kwenye misuli ndiyo matofali, na tena ndivyo vinavyoiambia misuli ianze kujenga. Visipofika, mwili unabomoa miguu ili uponye kidonda. Na asilale tu, asimame kidogo kidogo."

Samaki wakubwa wa ziwa letu walikuwa wanakwenda kiwandani, sisi tunabaki na mgongo wazi, mifupa yenye nyama ya kubahatisha. Maharagwe yalinivimbisha tumbo. Mayai yalikuwepo, kuku walitaga chini ya kitanda changu. Lakini mke kula mayai kwa wakwe zake ilikuwa aibu kubwa. Mama mkwe mwenyewe hakuwahi kuonja yai.

Akafunga mlango, akachemsha.

"Kula, Nyar Awasi. Wakiuliza, ni mimi nimekula."

"Mama, watakucheka."

"Wacha wacheke. Wewe ukijulikana utarudishwa Awasi, na mtoto atabaki hapa. Kula, halafu simama."

Nikawa nakula, nashika kitanda, nasimama, naketi, nasimama tena. Nyama ikarudi polepole. Nikafika chooni mwenyewe, na baadaye sokoni.

Jirani aliona maganda kwenye jivu. Mama mkwe akasema ameyala yeye, nao majirani wakambandika jina, Mama Mayai. Wanawake wa rika lake wakaacha kula naye. Kila nilipotaka kusema ukweli, alinikanya.

Miaka ikapita, naye akaugua, akakonda. Nilipomshika paja nikalijua, lilikuwa kama langu la zamani. Nikamchemshia yai. Akageuza uso.

"Hiyo siwezi, mwanangu. Sikuzoea."

Maziwa aliyokubali hayakutosha. Siku ya kumzika nilitembea mpaka kaburini kwake kwa miguu aliyonipa, na nyuma yangu nikasikia mtu akicheka, "Mama Mayai amelala."

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari. Mgonjwa wenu mpeni uji, lakini mpeni na samaki, maharagwe, yai, kisha mshikeni mkono asimame. Na ninyi mliokuwa mkimcheka, mnisikie leo: mayai yale niliyala mimi. Yeye amekufa hajui yai lina ladha gani.