Filta ya Chumbani

Ukitaka mtu wa kukusomea mahubiri juu ya kiyoyozi, mtafute Fundi Baridi. Jina alilopewa na wazazi wake tuliache, maana mtaa mzima humwita hivyo na mwenyewe huitika. Ana miaka sitini na miwili, goti moja bovu, na mkoba wa turubai wenye bisibisi, mswaki kuukuu na penseli. Akiingia kwako haanzi na mashine. Anaanza na wewe.

Ijumaa ile asubuhi, joto likiwa limekaza mpaka paka wamelala sakafuni kama matambara, alikuwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye maneno yake.

"Mwalimu, filta uliiosha lini?"

"Ah, fundi, si mwezi uliopita tu."

"Mwezi uliopita wa mwaka gani?"

Mwalimu akacheka, akajifanya kutafuta miwani yake ilhali amevaa. Fundi akafungua mfuniko, akachomoa filta, akaiinua juu kwenye mwanga wa dirisha. Vumbi lilikuwa limeganda kama blanketi.

"Unaona? Hapa hewa inapita wapi? Mashine inahema, inahangaika, barafu inaganda ndani, maji yanakosa njia, mwishowe kompresa, moyo wake, inaungua. Halafu mnasema mashine za siku hizi mbovu. Hazifi hizi, mwalimu. Mnaziua."

Alimpa mengine yote pia, maana hakuna aliyewahi kuponyoka mahubiri yake. Osha filta kila mwezi kwa maji ya bomba, ianike kivulini. Ondoa majani nyuma ya ile mashine ya nje, nayo inataka kupumua. Usiweke kumi na sita ukidhani chumba kitapoa haraka; weka ishirini na tano, ishirini na sita, funga mlango, tulia. Ukiizima, ipe dakika chache kabla ya kuiwasha tena. Kisha akatoa penseli, akaandika tarehe upande wa ndani wa mfuniko, kama alivyofanya katika kila nyumba kwa miaka thelathini. Penseli, si kalamu. Wino huchuruzika na unyevu, penseli hubaki.

"Na ya kwako, fundi, unaiosha kila mwezi?" mwalimu akauliza, kwa mzaha tu.

"Ya kwangu inajijua," akajibu, akafunga mkoba haraka kuliko kawaida yake.

Hakuwa amefika hata getini, simu ikalia. Binti yake. Huyu binti anakaa mji mwingine, na Jumapili iliyopita alikuja kumwona baba yake, akaingia chumbani kuchukua shuka, akatoka amenuna. Siku tano nzima hakusema alichokiona. Sasa akasema.

"Baba, nimekuagizia kiyoyozi kipya. Kesho saa nne mafundi watakuja kukifunga, na ile mbovu wataichukua."

"Mafundi? Waje kwangu? Na mimi ni nani?"

"Wewe ni fundi aliyeweka beseni juu ya kitanda, baba."

Beseni lilikuwepo kweli.

"Upande wa mama," binti akasema, sauti imepungua. "Godoro limeoza, baba. Ama uitengeneze leo, ama kesho wanaibeba. Mimi siwezi kukuacha ulale hivyo."

Jamani, aibu nyingine hazina pa kuziweka. Mtu anayezunguka mtaa mzima kugombeza watu juu ya filta, filta ya chumbani kwake haijaguswa miezi kumi na mitatu. Wala si kwamba alisahau. Asingeweza kusahau, maana kila alipolala mashine ile ilikuwa juu yake inakoroma, inagonga, inadondosha maji tii, tii, tii ndani ya beseni, upande ambao mkewe alikuwa akilala.

Nyumba ile kila mmoja alikuwa na kazi yake. Yeye mashine za watu, mkewe mashine ya kwao. Alimfundisha mwenyewe mwaka ule walipoifunga: kila mwanzo wa mwezi, panda kwenye stuli, chomoa, osha, anika, rudisha, andika tarehe. Mama watoto akaishika kazi hiyo kuliko mwalimu wake. Alikuwa akimtania, "Wewe nenda kawaoshee wenzio, huku kwangu usitie mkono." Mashine ina miaka kumi na tisa. Msimu wa joto ilileta baridi, msimu wa baridi ikaleta joto, na haikuwahi kubadilishwa hata feni. Si yeye aliyeidumisha. Ni mkewe.

Kisha akaugua. Siku ya majibu daktari alimvuta mume kando, kwenye korido, akamwambia kwamba ni miezi tu. Fundi alirudi kwenye benchi alipokaa mkewe, akamwambia ni vidonda vya tumbo, dawa zipo, atapona. "Basi vizuri," mkewe akasema, wakaenda nyumbani. Tangu siku hiyo neno lile halikutajwa kati yao. Alilificha kwa nguvu zake zote, akijisifu moyoni kwamba angalau mwenzake hana hofu.

Haikufika hata miwili. Dawa zilimnyonyoa nywele. Wiki zake za mwisho alilala chumbani, chini ya mashine, na nywele zikawa kila mahali, kwenye mto, kwenye shuka, hewani. Baada ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka, fundi alipanda kwenye stuli kufuta vumbi juu ya mashine. Akachungulia kwenye matundu ya juu, pale hewa inapoingilia. Zilikuwepo. Nyuzi nyeusi, ndefu, zimejilaza juu ya filta. Akashuka. Hakuifungua tena.

Sasa basi, utafanyaje? Akiiosha, anamwaga kwenye bomba kitu cha mwisho cha mwili wake kilichobaki nyumbani. Asipoiosha, kesho saa nne watu wasiomjua wataing'oa ukutani yote, na filta ndani yake, waitupe nyuma ya gari na vyuma chakavu. Alitembea na hesabu hiyo mpaka nyumbani, akasahau hata kununua mkate.

Alikaa kwanza jikoni. Akanywa maji. Akafagia mahali palipofagiliwa. Saa tisa alasiri ndipo alipoingia chumbani, akazima mashine kwenye swichi ya ukutani, akasogeza stuli ileile.

"Mtu mzima ovyo," akajisema, akapanda.

Alipofika juu akakumbuka kitu ambacho hakuwa amekikumbuka mwaka mzima. Wiki ileile ya majibu ya daktari, mkewe alipanda hapa kuosha filta. Yeye alimgombeza ashuke, asije akaanguka. Filta ilikwisha kurudi mahali pake, lakini mwanamke bado amesimama juu, kichwa kimezama ndani ya mfuniko, penseli mkononi.

"Mbona unakawia huko?" alimuuliza.

"Nasoma gazeti," mkewe akamjibu, wakacheka wote wawili.

Fundi alibana vidole pembeni, akavuta. Mfuniko ukafunguka kwa mlio mkavu. Kushoto, ndani, tarehe za miaka kumi na tisa zilijipanga kwa mwandiko wa mkewe, herufi ndogo zilizolala upande mmoja. Kulia, mahali alipojua kwamba ni patupu, palikuwa na maandishi.

*Fundi, sasa zamu yako.*

Chini yake miezi kumi na miwili, kila mmoja na mstari wake, kila mstari na kisanduku kidogo cha kutia alama ya vema, kuanzia mwezi uliofuata, uleule aliozikwa. Visanduku vyote vilikuwa vitupu. Na chini kabisa:

*Kuanzia hapa andika mwenyewe. Umeshakua.*

Akashika ukuta. Mkewe alijua! Alijua siku zote! Alikuwa anajua pale kwenye benchi alipoambiwa ni vidonda vya tumbo na kusema basi vizuri. Alijua alipokubali kunywa uji ati apate nguvu, na alipopanga naye kupaka rangi ukuta wa sebuleni. Alikuwa peke yake na jambo lile, kwenye kitanda kimoja na mumewe, akalibeba ili mume aendelee kuamini kwamba anamficha. Mahali pekee alipolitua ni hapa, ambapo alikuwa na hakika fundi angefungua baada ya mwezi mmoja.

Naye hakufungua. Miezi kumi na mitatu alilala chini ya maneno haya, akizilinda nywele. Fundi Baridi alilia akiwa amesimama juu ya stuli, na hakukuwa na wa kumwambia shuka utaanguka.

Alipoweza, alichomoa filta, akaipeleka bafuni. Kabla ya kufungua bomba aliziokota nywele moja moja kwa vidole, ikamchukua muda mrefu, akazizungushia kwenye kitana cha mkewe ambacho bado kilikuwa mezani mbele ya kioo. Ndipo akaosha. Maji yalitoka meusi, halafu ya kijivu, halafu meupe. Filta ikikauka kivulini, akapiga mswaki mapezi ya ndani, vile vibati vyembamba vinavyopoza hewa, akazibua bomba la maji, akatoka nje kuondoa majani nyuma ya mashine ya nje. Kazi ya saa mbili. Alifanya yote aliyowahi kuwahubiria watu.

Akarudisha filta, akatoa penseli. Visanduku kumi na viwili hakuvigusa. Fundi hatii alama kwenye kazi ambayo hakuifanya. Alishusha penseli mpaka chini ya neno la mwisho, akaandika tarehe ya siku ile kwa mwandiko wake mbaya.

Akawasha. Akasubiri mkoromo, haukuja. Hakuna kugonga, hakuna tii tii, hewa baridi tu inashuka kimya. Chumba kilikuwa kimya mpaka akasikia saa ya sebuleni. Hapo ndipo alipotambua kwamba ule mlio mbovu ndio uliokuwa ukimfanya ahisi kuna mtu chumbani mwaka mzima.

Akampigia binti yake.

"Ile mpya waambie waipeleke kwako."

"Inapoza?"

"Inapoza."

"Umeifanya nini, baba?"

"Nimeosha filta."

"Basi?"

"Basi."

Hakumwambia mengine. Angemwambia akija. Aliondoa beseni, akasimamisha godoro ukutani likauke, akajilaza kwenye mkeka mtupu chini ya mashine, rimoti mkononi. Rimoti hii walikuwa wakiigombania tangu mashine ikiwa mpya, mume akitaka ishirini, mke akitaka ishirini na sita, mmoja akibonyeza na mwingine akiifuata chini ya mto.

Akaweka ishirini na sita. Hakuna aliyempokonya.