Uso Usio na Mdomo

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Darsait, watu wa kwetu walisema nina nyota kali, yaani jini na husuda havinigusi. Sababu yenyewe kicheko changu. Nyota nyepesi alikuwa nayo Zuwena, binti wa ami yangu niliyesoma naye darasa moja, mtoto wa kulia na wa kuumwa tumbo kila ukitajwa mtihani. Yeye ndiye aliyesomewa na kufukizwa. Mimi nilitumwa makaa.

Mwaka wa kumaliza skuli, Bibi alimzingua Zuwena, kumtoa husuda, kwa shabu, lile jiwe jeupe kama chumvi. Aliizungusha kichwani mwake, akaitia kwenye makaa ya chetezo. Jiwe lile hutokota na kuumuka, na wajuzi husoma ndani yake sura ya kilichomdhuru mtu. La Zuwena lilitoka bonge tupu.

"Sasa wewe," Bibi akaniambia.

"Mie nna nini, Bibi? Mie sina kitu."

Nikacheka. Hakuna aliyejua kwamba kila asubuhi nilikuwa natapika, nasukutua, kisha natoka chooni na mzaha mpya.

Shabu yangu iliumuka taratibu. Yakatokeza macho mawili makubwa, yakinielekea mimi. Chini yake palikuwa laini kama ganda la yai. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma, lakini moshi haukuyumba.

"Haina mdomo," Bibi alisema. "Mjukuu wangu, nna khofu na wewe. Lililomo ndani liseme, kabla halijakufunga."

Nikamtania kwamba miwani yake imechakaa.

Asubuhi ya mtihani nilifungua mdomo kumwita mama, ikatoka pumzi tu. Daktari akasema koo ni zima kabisa. Zuwena alilia njia nzima, akaingia, akafanya vizuri. Mimi nilibaki nyumbani, bubu, hadi alasiri moja Bibi aliponishika mkono bila kuniuliza kitu, na neno likatoka lenyewe: "Naogopa." Nililia mpaka Maghrib.

Madaktari wana jina la jambo lile, nami nawaamini. Lakini yale macho niliyaona, na hadi leo yananitisha.

Binti yangu sasa anakaribia mtihani huohuo. Nyumba yetu ya Ansab imejaa kicheko chake. Jana asubuhi nilimsikia chooni akisukutua, akisukutua tena. Nikagonga.

"Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, mama." Akacheka.

Kipande cha shabu kimo kabatini. Sikukifuata. Nilikaa chini mlangoni pake, nikalisema mimi kwanza.

"Naogopa."

Ndani, maji yakafungwa.