Konokono Wangu Wamekufa, na Mimi Ndiye Ninayetakiwa Kuomba Radhi

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka thelathini na sita, ni mtumishi wa umma, mzaliwa wa Tanga. Nimeolewa miaka saba, tunaishi Chang'ombe, Dodoma.

Mwaka huu niliweka sebuleni tanki dogo la kioo lenye maji ya chumvi kama ya bahari. Wengine wana tamthilia zao, mimi nilitaka kitu cha kwetu cha kutazama nikitoka kazini. Mwanzo nilikosea mwenyewe. Niliweka konokono wa baharini siku ileile nilipokoroga maji na chumvi, wote wakafa. Muuzaji akanicheka, akaniambia nisubiri wiki kadhaa mpaka kioo na mchanga vifunikwe na utando wa kahawia. Ule utando ndio chakula chao, nisiusugue, nilete konokono waule.

Nikasubiri. Ulipotokea nilifurahi kama nimepandishwa cheo. Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka kijijini kwao Busi. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku macho yake yako kwenye tanki.

"Mwanangu, mbona chafu hivi? Na samaki wako wapi?"

Nikamweleza kuwa samaki huja mwisho, wanaanza wasafishaji. Akaguna tu. Kesho yake wakafika kwa basi konokono kumi na kaa wanne wadogo, wale wanaoishi ndani ya makombe. Nikawazoesha maji taratibu, nikawatia. Baada ya siku mbili walikuwa wamekula njia safi kwenye kioo, nikawatazama mpaka chai ikapoa.

Siku ya tatu nikarudi kutoka kazini nikakuta tanki linang'aa. Mama mkwe alikuwa amemwaga maji yote na kulisugua kwa stiliwaya na sabuni ya unga, mume wangu akajaza ya bomba. Nikamuuliza mume wangu chumvi ameweka wapi.

"Si maji ya Dodoma yana chumvi tayari? Wewe mwenyewe kila siku unalalamika chai haina ladha."

Wasafishaji wangu walikuwa wamelala chini, hakuna anayetikisika. Nikasema, "Mama, umeniulia viumbe wangu." Sikutukana wala sikupaza sauti.

Akanijibu, "Nyumba haina mtoto, wewe unalilia konokono."

Kisha yeye ndiye aliyelia, akawapigia simu ndugu. Jumapili kuna kikao cha ukoo, natakiwa nipige magoti niombe radhi kwa kumwita muuaji. Nikikataa, mume wangu anasema nifungashe nirudi Tanga.

Magoti sipigi. Nimeshakoroga maji mapya, na utando ukitoka nitaagiza wengine. Nampenda mume wangu, hilo silifichi. Lakini mama yake aliponirushia neno lile, yeye alikuwa amesimama palepale, akainama akafuta sakafu. Mwanaume ambaye tuliketi pamoja mbele ya daktari, tukasomewa majibu kwamba mimi sina tatizo lolote. Aliniomba nisimwambie mtu, na mpaka leo sijamwambia hata mama yangu mzazi.

Wa kuniambia nivumilie, pita tu. Wengine nishaurini: Jumapili wazee wakiniuliza nina la kusema, niendelee kumtunzia siri yake?