Shuka Kichakani

Gari lilirudi nyuma. Ndugu yangu mkubwa yuko chini kwenye nyasi, nyati amesimama juu yake, na gari linarudi nyuma. Nilipiga bodi kwa mikono miwili, simama, simama bwana, kuna mtu! Dereva hakusimama. Diwani aliyekaa kando yake hakugeuza hata shingo.

Nimeieleza habari hii mpaka mdomo umechoka. Sasa naiandika, anayetaka asome. Shule sikukaa sana, mtanisamehe.

Ilikuwa mwaka uliofuata mafuriko ya El Nino. Maji yalipoondoka, mbuga ilitoa nyasi za kufika kiunoni na nyati wakashuka kula. Diwani wetu akaleta wageni wawili kutoka Nairobi, watu wa kutaka kujenga kambi ya watalii. Wakiwaona nyati kwa macho yao, kambi itajengwa, alisema. Akaja kwetu kutuomba tuwaongoze, kwa sababu huko ndiko tulikochunga tangu utoto.

Tukatoka Garsen asubuhi, diwani na dereva mbele, wageni katikati, sisi wawili nyuma pamoja na tairi la akiba. Tukapita Minjila, halafu tukaacha barabara na kuingia mbugani upande wa Chara. Jua, vumbi, tope bichi hapa na pale. Safari ya kuchosha. Wageni walikuwa wanauliza tu, bado?

Ndugu yangu alipoona mavi mabichi ya nyati akagonga bodi. Gari likasimama, akashuka.

"Mzee, unaogopa ng'ombe mweusi?" diwani akamtania.

"Ng'ombe ana mwenyewe," ndugu yangu akamjibu. "Huyu hana."

Hata wageni walicheka.

Sasa sikilizeni. Sisi tukipeleka ng'ombe mtoni, mmoja hutangulia kuangalia mamba na tope. Hutundika shuka yake kwenye kichaka, na hapo kila kitu husimama mpaka arudi aitoe. Hata mtoto mdogo hapiti. Ndugu yangu alimweleza dereva vizuri, mlangoni pale, diwani akisikia: "Mkifika kwenye shuka, zimeni gari. Mtawaona kutoka hapo. Msipite mpaka niitoe."

"Sawa, mzee wangu," dereva akasema.

Akatangulia. Akaitundika shuka yake nyeupe, akaingia kwenye nyasi taratibu, na hakugeuka nyuma tena. Kwetu hakuna haja ya kugeuka. Ukishatundika shuka, mgongo wako una mlinzi. Hilo ndilo kosa lake, kama mnatafuta kosa lake.

Tulifika kwenye shuka, gari likasimama. Nyati walionekana mbali, migongo tu. Mgeni mmoja akalalamika kwamba picha haitatoka. Nikamsikia diwani, kwa masikio yangu haya: "Endelea."

Dereva akasema, "Na shuka ya mzee?"

"Ile ni shuka, si polisi. Endelea!"

Wakaipita. Tena dereva akapiga honi ili wanyama wainue vichwa. Kundi likakimbia upande mwingine, lakini dume moja lilikuwa limelala karibu, hatukuliona. Likainuka, na mtu wa kwanza mbele yake alikuwa ndugu yangu.

Gari liliporudi nyuma niliruka. Goti likavunjika, na mpaka leo nachechemea. Nilipoinua kichwa, dume lilikuwa limeshaondoka. Nikajiburura mpaka kwake. Alikuwa bado anapumua, akaniuliza kitu kimoja: "Shuka ilianguka?"

Nikamwambia ndiyo, ni upepo. Ningemwambia nini? Akafa kabla wachungaji waliosikia honi hawajatufikia.

Kambi haikujengwa. Barazani diwani alisema mzee alishuka kwa ukaidi wake mwenyewe, na dereva akaitikia kwa kichwa. Watu wakasema ni ajali, tumwachie Mungu. Mungu nimemwachia yake. Lakini wachungaji waliokuja kutubeba waliikuta shuka pale pale kichakani, na alama za magurudumu zimeipita. Ninayo mpaka leo.

Wewe diwani bado uko hai, bado unapewa kiti cha mbele kwenye mabaraza. Na wewe dereva unaendesha gari hapa hapa Garsen, ukiniona unatazama pembeni. Sitaki mbuzi wenu wa fidia wala pole zenu. Njooni mbele ya watu, nitaitundika shuka ile ile, msimame kando yake mseme ni nani alisema "Endelea," na kwa nini mlimwacha.