Juisi Iliyogoma Kutoka

Afadhali mlisikie kwangu kabla wifi zangu wa Jinja hawajaliongeza chumvi: ndiyo, ni mimi niliyepeleka juisi ya kutafuna kwenye arobaini ya mtoto wangu mwenyewe, mbele ya shehe, na hasira haijanitoka mpaka leo.

Chanzo ni mama mkwe (mimi ni chanzo cha pili, sikatai). Siku ya harusi alionja juisi yetu, akaweka glasi chini, akasema watu wa Mbale wanajua kupaka maji rangi. Tangu hapo kila nilichosema nyumbani kwake kilikuwa maji. Nilipojifungua binti nikataka aitwe Hadija, jina la marehemu mama yangu, yeye akataka Mastula, jina lake mwenyewe (mtu yuko hai, anajirithisha), na mume wangu, shujaa wa kutazama simu, akasema tutaamua arobaini. Siku zote hizo mtoto aliitwa "mtoto".

Nikaapa watakunywa kitu kizito, wanione mtu. Sokoni Mbale nikanunua unga wa gundi ya mbegu, ule ambao watengeneza yogati hutumia. Muuzaji akaniambia vijiko viwili vya kulia kwa jerikani ya lita kumi, halafu uache itulie nusu saa ndipo uiangalie. Nusu saa, na mtoto yuko mgongoni analia? Nikatia viwili kwenye juisi ya pasheni, nakoroga, naona maji, nikatia viwili vingine, nakoroga kwa nguvu zaidi, bado maji, mpaka vikafika kumi. Gari nalo likaikoroga kutoka Mbale hadi Jinja. Kushuka stendi nikatikisa jerikani, ikalia chubwi chubwi. Nikaongeza vinne.

Basi, nyumbani kwa mama mkwe ikawekwa kivulini, shehe akaanza dua, na dua za shehe yule hazina haraka. Zilipokwisha, wifi yangu Sauda akainamisha jerikani juu ya kikombe cha shehe. Halikutoka hata tone. Akainamisha zaidi, bonge likachungulia, likarudi ndani. Mwishowe likashuka polepole, kikombe kikajaa, lakini uzi haukukatika, ukavutika kama kamasi, shehe ameshika huku na wifi kule. Kwa adabu yake shehe akanywa. Uzi ukahamia kwenye ndevu.

"Mugole," mama mkwe akaniita (mugole ni bibi harusi, kama vile nimeolewa jana), "hii tunakunywa ama tunatafuna?"

"Mama, si ulitaka nzito."

Watu wakacheka, naye hakupenda. Akanyakua jerikani, akaitikisa kwa hasira za miaka miwili, na mimi nikasikia ile chubwi chubwi ya stendi, nikaelewa yote nikiwa nimechelewa: unga ule ukiuchokoza unalegea, ukiuacha unasimama, nami nilikuwa nimeuchokoza siku nzima. Ningeweza kumwambia aache. Sikumwambia. Akainamisha, ikashuka yote kwa pamoja kwenye gauni lake jipya la gomesi, na ilipofika mapajani ikatulia, ikasimama tena.

Wanawake wakamkimbilia na matambara, kadiri walivyofuta ndivyo ilivyoteleza. Shehe, akipangusa ndevu, akaona bora kazi iishe. Akauliza jina la mtoto. Mume wangu alikuwa bado anafungua mdomo.

"Hadija," nikasema.

Shehe akamtajia mtoto sikioni, limekwisha.

Mnadhani nilishinda. Kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe, na nilichotaka ni hicho tu, kulisikia jina la mama yangu kwenye vinywa vya watu wale. Sasa Jinja nzima, sokoni mpaka stendi, naitwa Mama Mrenda. (Sahihi ni mlenda, nimesoma mimi, lakini kule r na l ni ndugu.) Hata mume wangu lilimponyoka siku moja, akalala njaa.

Kwa hiyo unga ule haunioni tena. Idi wakija kwangu Malukhu, huku Mbale, watakunywa maji ya bomba, mepesi, yanayotoka yakiinamishwa, anayetaka kizito ale posho, yaani ugali. Na glasi ya kwanza ni ya atakayeniita Mama Hadija.