Siku Nilipomnadi Ng'ombe wa Mzee Godhana

Watu huniuliza kwa nini sikai mahali, nami hujibu kwamba miguu yangu inawasha, lakini kwa Garsen jibu hilo halitoshi, kwa sababu Garsen niliondoka kwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na pembe na kamba shingoni. Nawasimulia ninyi kwa kuwa mmenizoea, na kwa kuwa nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya (kuna wanaodai kwamba nilimchinja, sikumchinja).

Nilikwenda huko, mji mdogo kando ya mto, miaka kama kumi hivi baada ya vita kuu ya pili, umri wangu ukiwa umeshavuka arobaini. Nilikuwa nimeacha ukarani Tanga, nikauacha Mombasa, nikauacha Malindi, na kila nilipofika nilipakumbuka nilipotoka kuliko nilivyopaona nilipo. Kutoka Malindi nilipanda lori la sukari na chumvi, nikakaa juu ya magunia, mvua ikatukuta njiani, lori likazama katika ule udongo mweusi, tukasukuma, tukalala, tukaamka tukasukuma tena, sukari ikayeyuka chini yangu, na tulipoingia Garsen nilikuwa nanata hata walionipokea kwanza walikuwa nyuki. Kazi niliyoijia ilikuwa ukarani wa zahanati ya misheni, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma sekondari, watu wakaniita Mwalimu, ingawa sijawahi kumfundisha mtu lolote.

Nyuma ya zahanati palikuwa na banda, na humo muuguzi wetu, Bi Eliza, Mpokomo wa makamo asiyependa maneno mengi, aliwanyoosha viungo watoto wenye mtindio wa ubongo. Mama zao walikuja kutoka mashamba ya mtoni na kutoka maboma ya Waorma wafugaji, wakakaa wiki nyingi, wakajifunza kukunja goti lililokakamaa bila kuliumiza, na kumsimamisha mtoto ndani ya shimo la mchanga ukingoni mwa mto, mchanga ukimshika kiunoni ili miguu izoee uzito. Ni kazi ya polepole inayochosha hata kuitazama. Mmoja wa wale mama aliitwa Mama Dhahabu, wa Kilelengwani, na binti yake Dhahabu alikuwa na miguu inayopishana kama mkasi na shingo isiyotulia. Dhahabu hakuweza kutafuna vizuri, kwa hiyo maziwa ndiyo yalikuwa chakula chake, na mama yake alikuwa ameshasema wazi kwamba maziwa yakikosekana na pakakosekana pa kulala, atarudi shambani, na Bi Eliza akasema wakirudi mapema miguu ile itajifunga upya, pengine moja kwa moja.

Basi kamati ya misheni ikaamua kufanya siku ya mchango, wajenge chumba cha kulala mama na watoto. Mimi nikatumwa Kipini, huko pwani, kuwaalika wenye maduka, na nilipokuwa huko Bi Eliza alikwenda kuzungumza na Mzee Godhana, Mworma mwenye ng'ombe wengi, na mzee akaleta ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake. Sasa, Waorma wana desturi yao: nyumba isiyo na maziwa huazimwa ng'ombe, watu wake wakamkamua na kunywa, naye akabaki wa mwenyewe hadi siku atakapomtaka. Kila mtu Garsen alijua kwamba ng'ombe huyu aliletwa hivyo. Mimi nilikuwa Kipini.

Nilirudi asubuhi ileile ya mchango na tajiri mmoja wa huko, Bwana Athmani, aliyekuwa ameahidi mabati ya chumba kizima. Nikakuta uani mikeka, kuku, mikungu ya ndizi, vyote vya kunadiwa na mimi, na pembeni ng'ombe mweupe amefungwa. Bi Eliza alikuwa bandani na mtoto mapajani, hatua chache tu kutoka pale niliposimama, na ningeweza kwenda kumuuliza. Sikwenda. Jua lilikuwa kali, kola ya shati ilinikaba, na nilitaka kuanza Bwana Athmani akiwa bado anatabasamu. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kama chawa.

Mikeka ikaenda, kuku wakaenda, nami nikapata moto (mtu akishangiliwa mara tatu hujiona ana kipaji). Nikamfungua ng'ombe, nikamleta katikati, nikamsifu kiwele, nikasifu pembe, nikasema aliyemtoa ana moyo mpana kuliko mto huu, na Mzee Godhana, aliyeketi mstari wa mbele na fimbo yake, akainamisha kichwa kwa adabu. Ndama akalia nyuma ya ua, nikasema hata ndama anaunga mkono. Bi Eliza akatokea mlangoni akipunga kanga kwa mikono miwili, nami nikadhani ananiambia watu wa nyuma hawanisikii, nikapaza sauti.

Bwana Athmani akataja bei. Mzee Godhana akainua fimbo, akapandisha bei. Nikafurahi mno. Wakashindana hivyo, huyu juu, yule juu, na watu wa Garsen wakaanza kuziba vinywa kwa mikono, nami nikawaambia wageni watazame jinsi mchungaji wa nyika anavyowapenda watoto. Mwishowe Bwana Athmani akapanda sana, nikapiga meza, nikasema ng'ombe ni wake. Akahesabu fedha mezani, na mtumishi wake akashika kamba.

Hapo Mzee Godhana akasimama, akaja polepole, akaishika kamba upande wa pili.

"Mwalimu," akasema, "ng'ombe hii si ya kuuza. Ni ya kukamua. Ni yangu."

Nikamuuliza, kwa sauti iliyokuwa imeanza kunikimbia, kama ni yake mbona alikuwa akimpandishia bei.

"Mimi nilifikiri ni desturi ya misheni. Mtu anatoa, halafu analipa tena, thawabu inakuwa mbili. Lakini sasa naona ng'ombe inaenda Kipini."

Kicheko kilichozuka hapo bado nakisikia nikila ugali. Bwana Athmani hakucheka. Akasema amenunua mbele za watu na mnada ni mnada, nikamwomba, nikamrudishia fedha zake mbele ya wote, naye akasema hakutoka Kipini kuja kufanywa kinyago, akavaa viatu, na mabati yakaondoka pamoja naye. Kisha mtu aliyeshinda jogoo akamwinua juu akauliza, "Na huyu, Mwalimu, mwenyewe yuko wapi?" Wengine wakaanza kurudisha mikeka kwa mzaha, na baadhi hawakuichukua tena wala kuilipia.

Mimi nilimwangalia Mama Dhahabu. Alikuwa amesimama na binti mgongoni, hacheki, anaitazama ile kamba tu.

Mzee Godhana naye akamwona. Akaniondoa mkono kwenye ng'ombe, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akampelekea yule mama kamba.

"Ishike wewe. Huyu asiiguse tena."

Kwa hiyo ng'ombe alibaki, na Dhahabu akanywa. Chumba hakikujengwa. Mama wawili waliokuwa wakilala barazani mwa duka walifunga mizigo mvua zilipozidi, wakaenda na watoto wao kabla ya wakati, na Bi Eliza hakunilaumu, jambo lililonichosha kuliko lawama. Watoto wa pale zahanatini wakaniita Bwana Mnada. Nikavumilia hadi kiangazi, nikaaga.

Siku ya kuondoka nilitanguliza sanduku langu kwenye kivuko, nikaenda pale mchangani alipokuwa Dhahabu, amesimama shimoni hadi kiunoni, kichwa kimeinuka vizuri kuliko nilivyowahi kukiona. Nikakohoa, nikaanza maneno ya kuaga.

"Usihutubie, Mwalimu," akasema mama yake. "Mpe mkono tu."

Nikampa mkono, naye akaushika, na vidole vyake vikakaza, havikuachia. Si kwamba hakutaka kuniachia. Vidole vyenyewe havikumsikia. Mtu wa kivuko akaita. Nikajaribu kuvuta, Dhahabu akacheka mwili mzima, na alivyocheka ndivyo alivyozidi kukaza. Nikavuta tena.

"Usivute," mama akasema. Akakiinamisha kifundo cha mkono wa binti yake polepole, na vidole vikafunguka vyenyewe, kimoja kimoja.

Niligeuka nikaona kivuko kiko katikati ya mto na sanduku langu juu yake, na watu wananipungia. Basi nikakaa mchangani kungoja kirudi, na hapo ndipo nilipojiapia kwamba sitamwombea mtoto wa mtu chochote mbele ya watu kabla ya kukaa chini na mama yake nikamuuliza anahitaji nini, na kwamba nikipita palipo na mnada, hata wa kuku mmoja, nitazunguka.